Kosa la Nukta na Mkato

Wengi wenu mwanijua kwa kalamu yangu nyekundu. Huu ni mwaka wa pili tangu nilipopewa kazi ya kusahihisha sehemu hii ya Kiswahili katika gazeti letu, na wako wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza ambao wakiniona naja huficha daftari zao. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyosahihisha kitu kisichokuwa na kosa, na jinsi sahihisho langu lilivyokaribia kuharibu sauti ya mtu ambaye hatutamsikia tena. Nasimulia bila kujificha, maana wenzangu wa Chama cha Picha wanayajua yote, na heri mtu aseme kosa lake mwenyewe kuliko kungoja lisemwe mabwenini.

Mwezi wa Julai 2024 shule yetu ilifanya sikukuu ya wanafunzi wa zamani. Walikuja kwa mabasi na kwa magari yao, wengine kutoka Kampala, wengine kutoka Nairobi na Kigali, na mmoja alitoka Marekani, ambako kazi yake ni kupiga picha za video. Jambo kubwa la siku hiyo lilikuwa hotuba ya Mzee wetu aliyefundisha Hesabu hapa kwa miaka mingi, hata akawafundisha baba na wana. Mimi sikuwahi kukaa darasani mwake. Lakini baba yangu mdogo alikaa, na mpaka leo akihesabu fedha sokoni hulitaja jina lake.

Kamera ya shule iliishiwa na betri kabla Mzee hajamaliza kusalimu watu. Kwa bahati, ndugu yetu wa Marekani alikuwa amesimamisha kamera yake mwenyewe juu ya miguu mitatu, na juu ya meza mbele ya Mzee alikuwa ameweka kinasa sauti kidogo. Nilimwona asubuhi ile akiunganisha vyombo hivyo viwili kwa waya mfupi. Nikamwuliza, “Kaka, hiyo ni ya nini?” Akanijibu, “Nazilinganisha saa zao, ili baadaye picha na sauti zijuane.” Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Mzee akasema karibu saa nzima, amesimama wima, bila karatasi. Kesho yake ndugu yetu akanakili faili zote katika kompyuta ya shule, akatuaga, akasafiri.

Mwezi wa Septemba Mzee akafariki dunia.

Baada ya mazishi jamaa zake wakaleta ombi kwa Padre mkuu wa shule. Siku ya kumaliza matanga, mwezi wa Desemba, walitaka kuonyesha hotuba ile nyumbani kwake, ili wajukuu waliokuwa mbali wamwone babu yao na kumsikia. Padre akakiita Chama cha Picha. Kwa kuwa mimi ndimi katibu, kazi ikanijia mimi.

Kwa faida ya wasiojua, kwanza nieleze kidogo mambo ya picha hizi. Video si kitu kinachotiririka kama maji, ingawa macho huona hivyo. Ni picha nyingi zilizosimama, kila moja huitwa fremu, nazo hupita upesi mno hata jicho likadanganyika. Kamera kubwa za kazi huipa kila fremu namba yake. Namba hizo huitwa taimukodi, nazo huandikwa kwa mafungu manne: saa, dakika, sekunde, kisha fremu. Chama cha Marekani cha mainjinia wa sinema na televisheni, kiitwacho SMPTE, kilichoanzishwa mwaka 1916, ndicho kilichozipa namba hizi utaratibu wake katika miaka ya 1970, na karibu dunia nzima inaufuata. Mtu akikuambia 10:04:12 na fremu ya saba, unaweza kuiendea fremu hiyo moja katika maelfu, kama unavyomwendea mtu kwa namba ya nyumba yake.

Hotuba ya Mzee ilikuwa katika faili sita. Kamera ile ilikuwa imetegwa kufunga faili moja kila dakika kumi na kufungua nyingine papo hapo, bila kupoteza hata fremu moja. Ya kwanza ilianza 10:04:12;07, ya pili 10:14:12;07, ya tatu 10:24:12;07, na hivyo hivyo mpaka ya sita. Sauti ilikuwa katika faili moja ndefu.

Ile kumi ya mwanzo haikunisumbua. Kwetu ilikuwa saa nne asubuhi, lakini kila mtoto wa Afrika ya Mashariki ajua kwamba saa nne yetu ni saa kumi ya Mwingereza. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, wao huanza usiku wa manane. Waganda nao huhesabu kama Waswahili. Wakati ni ule ule, ila mahali pa kuanzia ni mbalimbali. Jambo hilo nalijua tangu utotoni, na ndiyo maana nasikitika zaidi kwamba halikunisaidia.

Kilichonisumbua ni kile kialama cha mwisho. Baada ya saa palikuwa na nukta mbili, baada ya dakika nukta mbili, lakini baada ya sekunde, kabla ya fremu, palikuwa na nukta na mkato. Nikaitazama faili ya pili, nayo hivyo hivyo. Zote sita. Nikacheka peke yangu. Nikasema moyoni, kumbe hata mashine za Marekani hazijui kuweka alama!

Kompyuta yetu ni nzee na diski yake ni ndogo, nazo faili za kamera ile zilikuwa nzito. Basi nikazigeuza kuwa faili ndogo ili kompyuta iweze kuzichukua. Katika kugeuzwa, namba zile zikapotea, kwa kuwa programu niliyotumia haikuzihamisha. Sikuona taabu. Nilikuwa nimezinakili katika karatasi, safi kabisa, na kila penye nukta na mkato nimeweka nukta mbili, kama mwalimu mwema wa lugha. Kisha nikafungua programu ya kuunganishia picha. Ikaniuliza hesabu ya fremu, ikanionyesha aina mbili: moja imeandikwa kwa nukta mbili, moja kwa nukta na mkato. Nikachagua ile iliyofanana na karatasi yangu. Nikaipanga kila faili mahali pake kwa namba yake, na sauti chini yake.

Dakika kumi za kwanza zilipendeza. Midomo ya Mzee na maneno yake vilikwenda pamoja kama miguu ya mtu mmoja. Lakini ilipofika faili ya pili, skrini ikawa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha Mzee akarudi, na sasa maneno yakamtangulia. Faili ya tatu giza tena, na maneno yakamtangulia zaidi. Mpaka faili ya sita Mzee alikuwa amekwisha sema neno, ndipo midomo yake ikafunguka. Sekunde tatu nzima zilikuwa zimewatenga.

Nikaamua kwamba kamera ndiyo mbaya. Nilidhani kila inapofunga faili na kufungua nyingine hupoteza fremu kadhaa, na hilo ndilo giza. Usiku ule ule nikamwandikia ndugu yetu wa Marekani barua kwa kompyuta. Nikamwambia kwa maneno ambayo leo yananiaibisha kwamba kamera yake ni mgonjwa, na kwamba ingalikuwa vema kama angaliijaribu kabla ya kuja nayo kwenye siku kubwa kama ile.

Kisha nikatengeneza dawa yangu. Kila penye giza nikaweka picha ya watu wakipiga makofi. Na ili sauti isiitangulie midomo, nikaikata sauti mahali pale pale nikatia kimya kifupi, karibu sekunde 0.6, mara tano. Midomo na maneno vikapatana tangu mwanzo mpaka mwisho. Nikafurahi. Kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, nikapanga kwamba jioni inayofuata nitazifuta zile faili nzito za mwanzo, kwani kazi imekwisha.

Asubuhi yake Mama, mjane wa Mzee, akaja shuleni na binti yake kuitazama kabla ya siku yenyewe. Nikawaweka viti katika chumba cha kompyuta. Mama akatazama kimya, mikono juu ya magoti. Mzee alipofika mahali pa kuwataja wanafunzi wake wa darasa la kwanza, mmoja mmoja, jina la mmoja likakatika katikati. Sehemu ya kwanza ya jina, kisha kimya na watu wakipiga makofi bila sauti, kisha sehemu iliyobaki. Mama akainua mkono. Nikasimamisha.

Akasema, “Mwanangu, mume wangu hakuwa na kigugumizi.”

Nikamjibu, “Mama, uniwie radhi, ni kosa la kamera. Nimejitahidi.”

Akasema, “Kamera haimjui. Mimi namjua. Jina hilo ni la kijana aliyekufa mapema, na kila mwaka alilitaja katika sala zake. Hakulitaja namna hiyo.”

Hakusema kwa ukali. Kama angalinigombeza ningalipata la kujibu. Akanishukuru kwa kazi, akatoka na binti yake. Mimi nikabaki nikilitazama lile jina lililokatwa, na jioni ile sikufuta kitu.

Nikaenda kwa Bruda anayetunza maabara na mitambo ya shule. Nikamweleza yote, tena kwa kirefu, nikiilaumu kamera. Akanisikiliza huku akisafisha miwani yake. Nilipokwisha, akauliza neno moja tu: “Yale mapengo ni makubwa kiasi gani?”

Nikasema ni madogo.

“Sikuuliza kama ni madogo. Umeyapima?”

Sikuwa nimeyapima. Tukaenda, tukaondoa picha za makofi, tukahesabu fremu za giza. Pengo la kwanza lilikuwa na fremu 18. La pili 18. La tatu 18. Yote matano 18 sawasawa.

Bruda akasema, “Kijana, mashine iliyoharibika haipotezi kwa kipimo. Leo ingepoteza 5, kesho 40. Ukiona kosa linarudi lile lile mara tano, usiitazame mashine, itazame hesabu.” Akaniagiza nifungue faili ya mwanzo, ile nzito niliyotaka kuifuta, tena kwa programu inayoonyesha namba kama zilivyo. Akaona nukta na mkato. Akaniuliza, “Na hii?”

Nikasema, “Ni kosa la uandishi, Bruda. Nililisahihisha.”

Akanitazama kwa muda, wala hakucheka. Akaniambia nisogeze picha fremu moja moja mpaka mwisho wa dakika. Nikasogeza: 10:04:59;27, kisha ;28, kisha ;29. Nikagusa tena, nikitazamia 10:05:00;00. Ikaja 10:05:00;02.

Nikadhani nimegusa mara tatu. Nikarudi nyuma, nikagusa tena polepole. 10:05:00;02. Namba 00 na 01 hazikuwapo, lakini picha ilikuwa haikuruka hata kidogo. Mkono wa Mzee uliokuwa unainuka uliendelea kuinuka kwa utulivu. Picha zote zilikuwapo, namba tu ndizo zilizorukwa.

Hapo Bruda akavuta kiti akanieleza, nami nayaandika hapa kwa ufupi.

Zamani televisheni ilifuata mwendo wa umeme wa nchi. Kwetu, na Ulaya, umeme hubadilika mara 50 kwa sekunde, basi fremu zikawa 25, nusu yake. Marekani umeme wao ni 60, basi fremu zikawa 30. Mwaka 1953 Wamarekani walipoukubali utaratibu wao wa televisheni ya rangi, ilionekana kwamba ishara ya rangi na ishara ya sauti zingesumbuana na kuchafua picha. Ili kuziepusha wakaupunguza mwendo kidogo sana: badala ya fremu 30 kwa sekunde, zikawa 30 mara 1000 gawanya kwa 1001, yaani 29.97 na kitu. Jicho halitambui. Lakini namba za fremu hazina nusu wala robo, huhesabu 00 mpaka 29 kila sekunde. Basi ukihesabu 30 kwa kila sekunde, na fremu zenyewe zaja pungufu kidogo, saa yako ya fremu itachelewa nyuma ya saa ya ukutani. Kwa saa moja itachelewa fremu 108, zaidi kidogo ya sekunde tatu na nusu.

Wakatafuta dawa. Kila dakika mpya inapoanza, namba mbili za kwanza, 00 na 01, zirukwe. Ila dakika ya kumi, ya ishirini, ya thelathini, na nyingine zenye sifuri mwishoni pamoja na ile ya mwanzo wa saa, zisirukwe. Hesabu mwenyewe: katika saa moja kuna dakika 54 za kuruka, mara mbili ni 108. Deni limelipwa. Na ili watu wajue kwamba hesabu hii ni ya kuruka, programu nyingi huweka nukta na mkato kabla ya fremu. Hesabu ya mfululizo, isiyoruka, huwekewa nukta mbili. Ile nukta na mkato niliyoifuta kwa majivuno ndiyo iliyokuwa ikiniambia habari yote.

Nikamwuliza Bruda kama si ajabu kuruka namba za vitu vilivyopo. Akasema, “Kanisa lilifanya hivyo kabla ya Wamarekani.” Akanikumbusha kwamba mwaka 1582, Papa Gregori wa Kumi na Tatu alipoitengeneza kalenda, baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba ilikuja Ijumaa tarehe 15. Hakuna mtu aliyepoteza siku kumi za maisha yake. Alhamisi ilifuatwa na Ijumaa kama kawaida, tarehe tu ndizo zilizorukwa, ili kalenda ipatane tena na jua. Na mtu anayehesabu siku kutoka Septemba mpaka Novemba mwaka ule, asipojua habari hiyo, atapata siku kumi ambazo hazikuwapo.

Basi nikaelewa. Faili ya dakika kumi, kwa hesabu yangu, ni sekunde 600 mara 30, yaani fremu 18,000. Lakini ndani yake mlikuwa na fremu 17,982. Nilikuwa nimeijengea kila faili nyumba kubwa kuliko yenyewe, kisha nikaulalamikia upenyo uliobaki. Kamera haikupoteza hata fremu moja. Giza lile nilikuwa nimeliumba mwenyewe, nikalifunika kwa makofi ya uongo, na kwa ajili yake nikakata maneno ya marehemu.

Ilinichukua jioni mbili kuirudia kazi. Niliirudisha sauti kama ilivyokuwa, nzima. Nikaipanga kila faili kwa namba yake halisi, na hesabu ya kuruka. Giza halikutokea tena. Faili ya pili ilishikana na ya kwanza kama kurasa mbili za kitabu, na midomo ikapatana na maneno mpaka salamu ya mwisho. Lile jina alilitaja kwa pumzi moja, polepole, wazi kabisa.

Na sasa kwa kuwa nilikuwa nasikiliza, si kukata tu, nikasikia jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita. Karibu na mwisho Mzee aliwakumbusha wanafunzi wake kwamba aliwanyima alama kila walipoandika jibu bila kipimo. Mtoto akiandika 12, yeye huuliza, 12 nini? Maembe au maili? Namba isiyo na kipimo chake, alisema, ni mgeni asiye na kwao: mpokee kwa adabu, lakini usimkabidhi funguo za nyumba. Watu walicheka sana. Mimi niliyasikiliza maneno hayo peke yangu usiku, katika chumba cha kompyuta, na sikucheka.

Nikamwandikia tena ndugu yetu wa Marekani. Nilikuwa nimeona aibu kufungua majibu yake, lakini nilipofungua nilikuta ameandika siku ile ile niliyomtukania kamera yake: nisifute kitu chochote, na nimwambie namba zilikuwa na nukta gani. Alikuwa amekwisha jua ugonjwa wenyewe. Nikamwomba radhi. Akanijibu kwamba yeye naye katika mwaka wake wa kwanza wa kazi aliwahi kupanga kipindi kizima kwa hesabu isiyo yake, na kwamba Mzee angalinipa nusu ya alama kwa sababu nilirudi kupima.

Siku ya kumaliza matanga tulitundika shuka jeupe chini ya mwembe, tukaonyesha jioni giza lilipoingia. Mama alikaa mbele. Lilipotajwa lile jina aliinamisha kichwa kidogo, basi. Baadaye alinipa chai kwa mkono wake mwenyewe, na hatukuzungumza habari za kamera.

Kwa ninyi mtakaorithi Chama cha Picha, nawaachia mambo machache ili msianze nilipoanza mimi.

Kwanza, ulizeni fremu ni ngapi kwa sekunde. Tazameni namba za fungu la mwisho zafika wapi kabla ya kurudi sifuri: zikikoma 23 ni hesabu ya 24, zikikoma 24 ni ya 25, ambayo ndiyo yetu na ya Ulaya, na zikikoma 29 ni ya 30. Msidhani kwamba ya 30 ni 30 kamili, maana mara nyingi ni 29.97. Hesabu ya 25 haina haja ya kuruka, kwa sababu fremu zake ni 25 kamili.

Pili, ikiwa ni ya 30, tazameni alama kabla ya fremu. Lakini msiiamini alama peke yake, kwa kuwa mtu kama mimi aweza kuwa amepita hapo na kalamu. Vukeni mwisho wa dakika kwa fremu moja moja. Kama 59;29 inafuatwa na 00;02, ni hesabu ya kuruka. Mkifika dakika yenye sifuri mwishoni, mtaona hairuki: 10:09:59;29 hufuatwa na 10:10:00;00. Basi msijaribu hapo tu mkadanganyika.

Tatu, jueni namba imewekwa wapi. Katika faili za aina ya MOV kuna njia ya pembeni kwa ajili ya taimukodi. Humo kwa kawaida haziandikwi namba za fremu zote, bali huandikwa namba ya fremu ya kwanza, pamoja na alama inayosema kama hesabu ni ya kuruka au la. Nyingine zote programu huzihesabu yenyewe. Vinasa sauti vya kazi hufanya kwa namna nyingine. Katika faili zao za WAV huandika idadi ya vipande vya sauti tangu usiku wa manane, na kwa kawaida vipande hivyo ni 48,000 kwa sekunde moja. Kwa hiyo saa nne asubuhi kamili, kwa kinasa sauti, ni kipande cha 1,728,000,000. Programu ya bure iitwayo MediaInfo itawaonyesha mengi ya haya bila kuigusa faili. Tena kumbukeni kwamba faili ikigeuzwa, namba zaweza kupotea.

Nne, msifute faili za mwanzo mpaka mwenye kumjua mtu yule ameitazama kazi na kuridhika. Mashine yaweza kukuambia kwamba midomo na maneno vimepatana. Haiwezi kukuambia kwamba Mzee hakuwa na kigugumizi.

Nimerudi kwenye kalamu yangu nyekundu, na wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza bado wananikimbia. Lakini wenye macho wataona badiliko moja. Siku hizi nikikuta alama nisiyoitazamia katika karatasi ya mtu, siikati kwanza. Namwita mwenyewe nikamwuliza, “Hii umeiweka kwa nini?” Mara nyingi hujibu kwamba ilimponyoka, nami nairekebisha. Mara chache hunipa sababu, nami nashukuru kwamba niliuliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita